Seli Zilizoshtuka Saa Tatu

Ujumbe uliingia saa mbili kasoro dakika ishirini asubuhi, mswaki ukiwa bado mdomoni.

"Glovu saizi saba zimekwisha. Lete boksi moja kabla ya saa sita. Muuzaji ni wa nyumbani."

Sindano alitema povu, akausoma mara ya pili, kisha akaufuta.

Mtu mwingine angeona oda ya duka la dawa. Yeye aliona mambo matatu. Chupa Namba Saba ilikuwa inaibwa leo. Ingetoka saa sita mchana. Na mwizi alikuwa ndugu yake wa damu.

Ndugu aliyefanya kazi karibu na Chupa Namba Saba alikuwa mmoja tu duniani. Alikuwa mjomba wake, kaka wa marehemu mama. Ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Alimfundisha kufunga kamba za viatu, na kila Jumapili alimsuka nywele vibaya mno, kisha akamsifia alivyopendeza.

Alipiga simu Kituoni.

"Mna uhakika?"

"Jana simu ilipigwa kutoka maabara, kwenye meza yake. Sauti ilipitishwa kwenye mashine, haitambuliki. Maneno matano tu: mzigo unatoka kesho saa sita."

"Meza si mtu."

"Ndiyo maana unakwenda wewe. Ingia kama mpwa. Usimwache akutoke machoni hata dakika moja. Tunataka chupa na anayekuja kuichukua, kwa pamoja."

"Na saa sita ikifika bila chupa?"



"Mjomba wako anaondoka na sisi. Akikimbia, kazi yako unaijua."

Simu ikakatika.

Kazi yake aliijua. Ilikuwa imelala chini ya boksi la glovu lenye sakafu mbili: Beretta nyeusi, risasi kumi na tano, haijawahi kukwama. Kwa miaka saba familia nzima iliamini kwamba Sindano anauza vifaa vya hospitali, na shangazi mmoja alikuwa bado anamdai apunguziwe bei ya plasta.

Alivaa saa yake ya Casio, akachomeka redio ndogo kama punje ya haragwe ndani ya sikio, akatoka.

Maabara ilikuwa jengo la ghorofa mbili lenye madirisha yasiyofunguka. Langoni mlinzi alifunua boksi, akaona glovu, akapekua pekua kwa ncha za vidole.

"Mama Glovu. Leo umetukumbuka?"

"Nimemkumbuka mjomba. Ninyi mnaambulia salamu tu."

Mlinzi alicheka, akampisha. Sindano alipanda ngazi akihesabu milango. Mlango wa friza kuu ulikuwa kulia. Chumba cha kukuzia seli kilikuwa kushoto. Mwisho wa korido palikuwa na chumba cha hadubini, mlango umebandikwa karatasi: MBOVU. INAPELEKWA KWA FUNDI LEO SAA SITA. ISIGUSWE. Sahihi ya Daktari ilikuwa chini yake. Kamera ya korido ilining'inia bila taa, na waya wake ulikuwa umekatika tangu Jumatatu.

Saa sita. Sindano aliisoma karatasi mara mbili. Hilo la saa sita hakulipenda.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Leo umepotea njia?"

Mjomba alikuwa mrefu, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alishika chupa bapa ya kioo mkononi, ndani yake maji mekundu, akiiinamisha polepole kana kwamba kuna mtoto amelala humo. Kazi yake ilikuwa kulisha seli, kuzihamisha na kuzilinda zisishikwe na ukungu. Alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na minane.

Aliongea, akacheka, akauliza habari za shangazi na plasta. Lakini macho yake hayakutulia. Kila dakika mbili yaliruka hadi mwisho wa korido, kwenye ule mlango wenye karatasi.

Sindano aliona.

Daktari aliingia saa tatu kasoro dakika kumi. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, koti jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Ndiye aliyekuwa bosi wa maabara na ndiye aliyegundua kila kilichostahili kugunduliwa humo. Ukutani kanuni zake zilikuwa kumi na mbili, na watu walizikariri kama sala.

"Huyu ni mpwa wako wa glovu?" aliuliza.

"Ndiye, Daktari."

"Akae mbali na vyumba vya kazi." Alimtazama Sindano kwa upole kidogo. "Samahani, mama. Si wewe. Hapa mtu mmoja akifanya anavyotaka, kazi ya mwaka mzima inaharibika."

Kengele ya chai ililia saa tatu kamili.

Hapo desturi ilikuwa moja na haikuwa na msamaha. Hakuna aliyekunywa chai na koti la kazi. Kila mtu alivua lake, akalitundika kwenye msumari wake ukutani, akanawa mpaka viwiko, akashuka chini. Mjomba alitundika lake kwenye msumari wa nne. Kadi yake ya mlango ilibaki kwenye mfuko wa kifuani, kama kadi za wote.

Sindano aliketi mbele yake kwenye benchi la kantini. Mjomba aliweka vijiko vinne vya sukari.

"Utaugua kisukari."

"Nitaugua nikiwa na furaha."

Walikuwa watu kumi na mmoja mezani. Daktari hakushuka. Mtu mmoja alisema bosi yuko kwenye simu. Sindano hakugeuka, wala hakwenda msalani. Aliambiwa asimwache mjomba atoke machoni, naye akamtazama kama mtu anayelinda sufuria ya maziwa jikoni.

Saa tatu na dakika thelathini na tano mjomba alisimama. Kikombe chake kilikuwa hakijaisha.

"Nimesahau kitu kidogo."

Katika maisha yake yote Sindano hakuwahi kumwona mjomba akiacha chai. Alimpa hatua ishirini, akamfuata kwa ngazi za nyuma, viatu mkononi.

Mlango wenye karatasi ulikuwa wazi kidogo.

Kupitia upenyo alimwona mjomba ameinama juu ya hadubini. Alifungua kijumba chake cha kioo, akatoa kisahani kidogo, akakimiminia dawa na kukitupa kwenye pipa la taka. Kisha akachomoa flashi kwenye kompyuta. Akatazama mlangoni. Akainua suruali, akaisokomeza flashi ndani ya soksi ya kushoto.

Sindano aliegemea ukuta. Alitaka kulia, na hakuwa na nafasi ya kulia.

"Kituo," alinong'ona. "Ana kitu."

"Chupa?"

"Hapana. Flashi."

"Mwache. Atakupeleka kwenye chupa."

Saa nne kamili Daktari alipiga kelele, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Walimkuta mbele ya friza, amevaa glovu nene za baridi, mkononi kichupa cha kioo kisichozidi kidole gumba. Namba saba ilikuwa imeandikwa juu yake.

"Hiki si chenyewe," alisema. "Saba haigandi hata kwenye baridi hii. Hiki kimeganda. Ni maji."

Mkuu wa walinzi alibonyeza kioo cha friza kusoma kumbukumbu zake. Mara ya mwisho mlango ulifunguliwa saa moja na dakika thelathini na mbili asubuhi. Kadi iliyotumika ilikuwa ya msumari wa nne.

Watu wote waligeuka.

"Mimi?" mjomba alisema. "Mimi sijaigusa friza leo."

"Saa moja na nusu ulikuwa wapi?"

"Humu. Nililisha seli."

"Na nani?"

"Peke yangu. Ndiyo zamu yangu."

Daktari alishusha macho. "Miaka kumi na minane," alisema taratibu. Alionekana kuumia kweli.

Wakampekua mifuko, wakapekua meza yake na kabati lake. Soksi hakuna aliyeikumbuka. Hawakupata kichupa. Wakamfungia katika stoo ya glovu na mitungi ya gesi kungoja polisi. Sindano aliomba kukaa naye, mpwa na mjomba wake, na Daktari mwenyewe akasema aruhusiwe, maana huyu binti hana kosa.

Walifunga mlango kwa nje.

Stoo ilikuwa na balbu moja. Mjomba aliketi juu ya katoni. Kila alipoulizwa alijibu kwa kifupi. Mkono wake ulishuka mara tatu hadi kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, ukapanda tena.

Redio ilikwaruza sikioni. "Saa tano na dakika ishirini. Una dakika arobaini."

Sindano alifungua boksi lake. Akatoa glovu, akatoa sakafu ya kwanza.

"Vua soksi, mjomba."

Mjomba aliinua kichwa. Aliitazama Beretta muda mrefu, kisha akamtazama aliyeishika.

"Hiyo si ya kuchezea, mama."

"Sichezi."

"Kumbe huuzi glovu."

"Nauza. Soksi ya kushoto."

Mkono wake haukutetemeka. Alifundishwa usitetemeke, na aliichukia sana ile elimu kwa wakati ule. Mjomba aliinama, akavua kiatu, akavua soksi, akaiweka flashi sakafuni kati yao. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Daktari akiona hiyo nimekwisha," alisema. "Nimebakiza miaka miwili nistaafu."

"Kuna nini ndani?"

"Makombo."

"Nini?"

"Seli za makombo. Mama, ile hadubini ina kijumba cha joto, nyuzi thelathini na saba, seli zisife wakati unazipiga picha. Kipimajoto chake kinadanganya tangu siku ya kwanza. Ukikiwekea barafu kinakuambia thelathini na saba. Sasa mimi nikishalisha asubuhi hubakiwa na seli kidogo, za kumwaga. Simwagi zote. Naweka kwenye kisahani, naingiza ndani ya kijumba, kamera inapiga picha kila dakika. Zikitulia, najua joto liko sawa. Zikishtuka, najua kipashio kimekorofisha, naenda kukirekebisha kabla ya sampuli za watu kuharibika."

"Kosa liko wapi?"

"Kanuni ya nne. Hakuna mtu kugusa hadubini kabla ya Daktari. Aliyekuwa na msumari wa sita alifukuzwa kwa hilo hilo." Alijifuta pua kwa mkono. "Na leo ilikuwa imebandikwa karatasi. Nikasema nijaribu mara ya mwisho, huenda hata si mbovu. Hii ndiyo dhambi yangu."

Sindano alimtazama. Watu waongo aliwajua, aliishi nao. Mwongo hupanga maneno yake vizuri kuliko hivi.

Lakini alishafanya kazi ya mashaka miaka saba, na mashaka hayatoki kwa sababu mzee analia. Alichomeka flashi kwenye simu yake.

"Nionyeshe."

Picha zilianza kukimbia. Kwenye giza palikuwa na seli kama vipande vya mikate iliyotandazwa, na ndani ya kila moja nyuzi nyembamba za kijani ziking'aa.

"Hicho ndicho kiunzi cha seli," mjomba alisema, na sauti yake ikapata nguvu kidogo, kama ya mtu aliyerudi mezani kwake. "Seli ni hema. Hizo nyuzi ndizo kamba. Ndani mna kimeng'enya kinachosinzia. Seli ikipatwa na shida, baridi, moto, sumu, mtikisiko, kinaamka na kutoa amri: kazeni kamba. Zinakaza ndani ya dakika chache. Shida ikipita kinazimwa, na kwa nusu saa hivi kamba zinalegea."

"Na Saba?"

"Tulitafuta dawa ya kukituliza, kwa wagonjwa ambao kwao hakizimiki. Tukaangukia kinyume chake. Saba hukiamsha na kukinyima usingizi. Seli inakaza, inakaza, mpaka inabanduka kwa jirani yake. Ukuta wa mapafu unapata nyufa, maji yanaingia. Mtu anazama akiwa kitandani." Alimtazama mpwa wake. "Kile kichupa kinatosha mtaa mzima, mama. Ningekiuza mimi?"

Sindano alikuwa ameona kitu kwenye picha.

"Rudisha nyuma," alisema. "Hapo."

Saa moja na nusu mpaka saa tatu, seli zimelala. Saa tatu na dakika sita, zimelala. Saa tatu na dakika tisa, nyuzi za upande wa kushoto zimekuwa nene. Saa tatu na dakika kumi na moja, sahani nzima imekaza. Halafu, polepole, zikaanza kulegea.

"Zimeshtuka," Sindano alisema.

"Nimeona. Nikajua ni kweli mashine ni mbovu, kipashio kimezima."

"Kipashio kikizima zinaanzia upande mmoja?"

Mjomba alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo cha simu.

"Hapana," alisema. "Kikizima zinaingia baridi zote kwa pamoja. Hii baridi imetoka kushoto, chini ya bamba. Kuna kitu cha baridi kimewekwa pale. Baridi kali, lakini kidogo, maana kimepata moto upesi."

"Kidogo kiasi gani?"

Mjomba aliinua kidole gumba chake, akakitazama.



"Mjomba, kichupa kikitoka friza saa moja na nusu, saa tatu na dakika sita kitakuwa bado na baridi?"

"Robo saa tu kimeshakuwa kama maji ya kunywa."

"Basi kilitoka saa tatu."

"Saa tatu na dakika kidogo, naam."

"Na saa tatu na dakika sita wewe ulikuwa unaweka kijiko cha nne cha sukari."

"Ulikuwa unanitazama," mjomba alisema. "Tangu lini unanitazama hivyo? Nilidhani umenimiss."

Hilo lilimchoma. Aliliweka pembeni kwa baadaye.

"Koti lako lilikuwa msumarini, na kadi ndani yake. Saa ya friza nani anaweza kuirudisha nyuma?"

"Umeme ukikatika saa yake hupotea. Anairekebisha mwenye namba ya siri." Mjomba aliongea huku uso wake ukibadilika. "Sisi wengine haturuhusiwi. Ni kanuni ya tisa."

Hakuna aliyehitaji kutaja cheo cha mwenye namba hiyo. Kwenye benchi la kantini palikosekana mtu mmoja tu.

"Kituo, chupa iko ndani ya hadubini. Inatoka na fundi. Fungeni lango."

"Umechelewa kidogo," redio ikasema. "Hiace nyeupe imefika mapema. Inapakia."

Casio ilisema saa tano na dakika arobaini na nane.

Sindano alipiga kitasa kwa kitako cha mtungi wa gesi. Kilishikilia. Akapiga tena. Mara ya tatu kitasa na kipande cha mbao viliruka koridoni.

"Nifuate kwa mbali. Na simu usiiangushe."

"Na soksi yangu?"

Alikuwa ameshavua viatu na kufika kwenye ngazi.

Alishuka vidato vitatu vitatu. Akapita kantini. Akapita jikoni, mpishi akabaki na mwiko hewani. Akatokea uani kwa mlango wa taka. Hiace ilikuwa inazunguka jengo, sanduku la mbao nyuma yake. Mlinzi alikuwa ameanza kuinua kizuizi.

"Shusha!"

Mlinzi alimwona Mama Glovu akikimbia pekupeku na bastola mkononi. Akashusha kizuizi, si kwa utii bali kwa sababu mikono ilimlegea.

Aliyejiita fundi hakusimama. Alikanyaga mafuta.

Sindano alipiga goti moja chini.

Risasi moja. Tairi la nyuma.

Risasi ya pili. Tairi la mbele.

Hiace iliegemea ukuta kwa ubavu, ikasugua, ikanyamaza. Mlango wa dereva ukafunguka na mkono ukatoka na bastola. Risasi ya tatu ya Sindano iliupata juu ya kifundo. Bastola ikaanguka kwenye lami. Yule mtu akaketi karibu nayo, akiutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Fundi gani huja na Glock," Sindano alimwambia, akaipiga teke mbali.

Viatu vya kisigino kifupi vilisikika nyuma yake. Havikuwa na haraka.

"Unajua unachofanya?" Daktari aliuliza. Koti lake halikuwa na doa. "Ndani ya sanduku hilo mna lenzi za thamani ya jengo hili. Kijumba cha ndani nimekifunga mwenyewe kwa utepe. Vumbi likiingia, kazi ya miaka kumi imekwisha. Mkuu wa walinzi, mwondoeni huyu."

Mkuu wa walinzi alimtazama Daktari, akaitazama Beretta. Alichagua kutosogea.

Sindano alipanda nyuma ya gari. Akang'oa mbao kwa ufunguo wa matairi. Akachana utepe, akafungua kijumba cha kioo, akapitisha vidole chini ya bamba, upande wa kushoto.

Kioo chembamba kiligusa ncha za vidole.

Alikitoa polepole mno. Kilikuwa kidogo kama kidole gumba, na kimiminika ndani yake kilikuwa safi kama machozi.

"Chupa Namba Saba," alisema.

Daktari hakupepesa. "Basi mjomba wako aliificha humo. Kadi ni yake, saa ni ya asubuhi, na alikuwa peke yake. Umenisaidia kukamilisha ushahidi. Asante."

Alisema vizuri sana. Mlinzi alitikisa kichwa kukubali. Sindano aliona jinsi ambavyo yeye mwenyewe angekubali, asubuhi ile.

Mjomba alifika akihema, boksi na viatu vya mpwa wake kwapani, mguu mmoja una soksi, mwingine hauna. Alimpa Daktari simu, kwa mikono miwili, kama alivyompa matokeo kila jioni kwa miaka kumi na minane.

Daktari alitaka kuikataa. Lakini picha ilikuwa inakimbia, na yeye alikuwa ametazama picha kama hizo maisha yake yote. Macho yalishuka yenyewe.

Seli zimelala. Seli zimelala. Saa tatu na dakika tisa.

"Nyuzi zimenenepa ndani ya dakika tatu," alisema kwa sauti ndogo, ya kazini. "Zimeanzia kushoto. Ni mshtuko wa baridi, si hitilafu ya…"



Hakuna aliyemsaidia kumaliza.

"Nani aliweka sahani humu?" aliuliza hatimaye. "Nilikataza. Hakuna mtu anayegusa ile hadubini kabla yangu. Sikuhitaji hata kuangalia ndani."

"Mimi, Daktari," mjomba alisema. "Kila siku. Unisamehe."

Daktari alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha alifanya jambo ambalo Sindano hakulitarajia. Alivua koti lake jeupe, akalikunja mara nne, akampa mjomba alishike. Watu wa Kituo walikuwa tayari wanashuka kwenye magari mawili langoni. Aliwafuata bila kushikwa.

Redio ikakwaruza. "Glovu?"

"Zimefika. Saizi saba. Boksi halijafunguliwa."

"Muuzaji?"

"Hakuwa wa nyumbani. Andika hivyo, na uandike kwa herufi kubwa."

Alichomoa redio sikioni, akaitia mfukoni.

Mjomba alikuwa ameketi kwenye ngazi za lango, anavaa soksi. Alichukua muda mrefu kuliko soksi inavyohitaji.

"Nikuulize kitu, mama."

"Uliza."

"Pale stoo. Ningekimbia, ungenipiga?"

Angeweza kumdanganya. Alilipwa kudanganya, na alijua namna. Lakini huyu ndiye aliyemsuka nywele vibaya na kumwambia amependeza, na uwongo wa aina hiyo mjomba aliujua kuliko yeye.

"Sijui, mjomba. Nilikushuku tangu saa mbili. Nilikushuku kweli. Hilo linaniuma."

Mzee alifunga kiatu. Aliinuka, akapangusa magoti.

"Njoo kesho saa tatu," alisema. "Chai yangu leo niliiacha nusu kwa sababu ya seli. Koti unaacha msumarini. Na hicho cha kwenye boksi nacho unakiacha."

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

Sindano alivaa viatu vyake, akachukua boksi lake, akavuka barabara bila kugeuka. Nyuma yake mlinzi alikuwa anamsimulia mpishi, na tayari risasi zilikuwa zimefika tano.

Alipofika kwenye gari aligundua kwamba mkono wa kulia bado umefumba. Alijaribu kuukunjua. Vidole vilikataa, vimekaza kwenye umbo la bastola ambayo haikuwepo tena.

Nusu saa hivi, mjomba alikuwa amesema, ndipo kamba hulegea.

Alitazama Casio. Ilikuwa saa sita na dakika tatu. Akafungua mlango kwa mkono wa kushoto, akawasha gari.